Upepo Kwenye Breki

Washarika, alikuwepo mama mmoja huko juu milimani, na wiki ile alikuwa hasemi na mume wake. Hakumtukana wala hakumnyima chakula. Alipakua, akaweka mezani, kisha akamwambia wifi yake, "Mwambie kaka yako chakula tayari." Na huyo kaka ameketi hapo hapo, sahani iko mbele ya pua yake, anajibu, "Mwambie nimeona."

Kisa chenyewe? Jumapili mume alisimama wakati wa matangazo akasema kwaya ya wageni italala kwake. Mkewe aliisikia habari hiyo akiwa kwenye benchi, kama washarika wengine. Hakuwa ameulizwa. Nani angepika? Nani angetafuta magodoro? Nani angeamka alfajiri kuwachemshia watu maji ya kuoga? Kina mama, naona mmeshanielewa.

Sasa, nyumba hiyo ilikuwa na gari la dizeli la zamani, zito, lenye moshi mwingi asubuhi. Na chumbani alikuwamo mama mzazi wa mume, macho yake yamezibwa na mtoto wa jicho. Kesho yake alitakiwa hospitali ya bondeni kufanyiwa upasuaji, nafasi waliyoingoja tangu masika. Na breki za gari zilikuwa zimeisha. Gereji iko bondeni. Utateremkaje mlima na gari lisilo na breki ili ukatengenezewe breki? Kwa hiyo mume alilipandisha jeki pale uani, akaweka magogo chini yake, akafungua magurudumu yote. Akabadilisha pedi, akasugua kutu, akatia raba mpya pale oili ilipokuwa inavuja. Mkewe alipita na ndoo, akatupa jicho, akakiri moyoni kwamba kazi ilikuwa safi.

Ikabaki kutoa upepo. Mabomba ya breki yakifunguliwa, upepo huingia kwenye oili, na breki yenye upepo haishiki. Kuutoa kunataka watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani, anakanyaga pedali na kuishikilia chini. Mwingine yuko kwenye gurudumu, anafungua nati ndogo, upepo unatoka pamoja na oili, anaifunga. Akishafunga ndipo yule wa juu aachie. Akiachia mapema, upepo unarudi ndani.

Mke akaingia kwenye gari, akafunga mlango kwa nguvu.

"Dada, mwambie akanyage," mume akasema kutoka chini.

Wifi alikuwa barazani akichambua maharage. "Wifi, kanyaga."

"Mwambie nimekanyaga."

"Kaka, amekanyaga."

Mume akafungua, povu likatoka. "Mwambie asiachie!"

"Wifi, usiachie."

Mguu ulikuwa umeshaachia. Upepo ukarudi ndani. Wakaanza upya, ikawa vile vile. Wakarudia tena.

"Jamani," wifi akasema, "mimi nimekuja kumwona mama. Sikuja kuwa mnara wa simu. Madirisha yako wazi na masikio mnayo."

Wakaendelea kumtuma. Mke alikuwa anamsikia mumewe vizuri kabisa, hata pumzi zake. Lakini kumtii kabla wifi hajasema ingekuwa kama ameanza yeye kumsemesha, na yeye aliapa hataanza. Pedali ilizama mpaka chini kama mguu ulioingia kwenye tope. Chupa ya oili ikabaki na kiasi cha kubahatisha, na duka la oili nalo liko bondeni.

"Dada, mwambie imetosha," mume akasema, sauti imechoka. "Kesho tutateremka hivyo hivyo, gia ndogo, polepole."

Mke akaiwaza hiyo kesho, akamwona mama mkwe wake kiti cha nyuma, mikono magotini, haoni hata kona zinavyokuja. Hasira yake haikupungua hata kidogo. Akasema, "Baba, usishushe jeki. Tia hiyo oili iliyobaki. Nimekanyaga. Fungua."

Wifi akaacha maharage.

Kutoka chini mume akajibu: "Nimefungua. Usiachie."

"Sijaachia. Wewe funga kwanza."

"Nimefunga. Achia."

Gurudumu hadi gurudumu, mpaka pedali ikagoma juu, ngumu. Mke hakutoa mguu.

"Na wale wageni?"

"Nilipaswa kukuuliza kwanza."

"Ulipaswa."

"Nikawaambie wasije?"

"Waje. Maji ya kuoga utachemsha wewe."

Sasa niambieni, ni nani alisema uongo pale uani? Hakuna. Mume alisema kweli, mke alisema kweli, na wifi alifikisha neno kama alivyopewa, hakuongeza chumvi. Na bado upepo uliingia. Uliingia katika ule muda mdogo neno lilipokuwa njiani, kutoka kwa huyu kwenda kwa yule kupitia kwa mwingine.

Na sisi je? Sisi hatusemi, "Wifi, mwambie." Sisi tunapiga magoti na kusema, "Bwana, mguse mwenzangu abadilike. Bwana, mfungulie ndugu yangu macho aone alivyonikosea." Tunamfanya Mungu kuwa mtu wa kupeleka maneno, na huyo tunayetaka aambiwe anaishi ng'ambo ya uzio, tunamsikia akikohoa. Kisha tunashangaa, mbona tumeomba mwaka mzima na nyumba bado haishiki?

Msiniambie mnangoja hasira ziishe. Za yule mama hazikuwa zimeisha. Alisema akiwa nazo, kwa sababu kulikuwa na mtu wa kufikishwa salama.

Leo baada ya mahubiri hatutaimba mara moja. Tutanyamaza. Mwenye neno na mtu aliyemo humu ndani asiningoje mlangoni anipe mimi nimpelekee. Ainuke sasa, amfuate kwenye benchi lake. Sadaka itasubiri, na mimi nitasubiri.