Fundi Nyani Hana Haja ya Kuuliza

Masikio!

— Yako wazi!

Midomo!

— Imefungwa!

Basi ifungeni kweli, maana ngano hii ina msiba ndani yake.

Hapo kale Mama Kanga alikuwa na vifaranga wengi, akawa anawapoteza. Leo mmoja, kesho mwingine. Alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akaenda kwa Nyani, fundi wa nyika nzima, mwenye mikono minene na tumbo lisilojua kushiba.

"Fundi, wanangu wanapotea. Nikiwa—"

"Nimeshaelewa!" Nyani akamkata. "Boma la miiba!"

"Lakini hujanisikia..."

"Fundi wa kweli haulizi, mama. Ujira wangu ni mayai."

Kwachu, kwachu, akakata miiba. Akazungushia kiota, akala mayai, akaenda zake. Vifaranga wakazidi kupotea. Mama Kanga akarudi. "Nimeshaelewa! Boma refu zaidi!" Kwachu, kwachu. Akala mayai. Vifaranga wakazidi kupotea. Akarudi tena, na sasa alikuwa amebakiwa na kifaranga mmoja tu, Kidoti, na kiotani hamna yai.

"Nimeshaelewa! Nitaongeza miiba. Mayai yamekwisha? Basi kesho nitamchukua huyo mtoto."

Mama Kanga akarudi kwake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nyumbani akamkuta Pimbi, jirani yake mdogo wa kwenye mawe. Pimbi hakutaja boma. Aliketi, akasema, "Jirani, kabla mtoto hajapotea, huwa unaona nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Mama Kanga akalia kwanza, ndipo akajibu.

"Kivuli. Kinapita juu ya ardhi, fyuu! halafu mtoto hayupo. Zamani walikimbilia kichakani. Siku hizi boma linawazuia."

"Kumbe ni Kipanga," Pimbi akasema polepole. "Na boma ndilo linalomwandalia chakula."

Wakafungua tundu upande wa kichaka, la kupita kifaranga tu.

"Na Nyani je?"

"Huyo niachie mimi."

Asubuhi Nyani akaja, mate yanamdondoka.

"Shikamoo, fundi," Pimbi akampokea. "Kabla ya ujira, kuna kazi nyingine. Yupo mnyama anamtesa Mama Kanga. Ana nguvu, ana mikono, ana—"

"Nimeshaelewa! Kizimba cha magogo!"

"Hutaki kujua ni nani?"

"Fundi haulizi!"

Gogo juu ya gogo, ti! ti! ti! Kizimba kikasimama, kina paa, na mlango wake una komeo kwa nje.

"Sijui kama kitamweza," Pimbi akanung'unika.

Nyani akapandwa na hasira, akaingia ndani kukitikisa. "Ona! Hakiyumbi hata—"

Kwa! Pimbi akashusha komeo.

"Nifungulie!"

Pimbi akaketi mbele ya kizimba. "Pole, mzee. Tusifanye haraka, kwanza niielewe shida yako. Imeanza lini? Unaumia wapi?"

Mama Kanga hakucheka. Wanawe waliokwenda wasingerudi. Mara kivuli kikapita juu ya ardhi, fyuu! Kidoti akakimbia, akapenya tunduni, akazama kichakani. Mama akaita kwa hofu. Kidoti akaitika.

Ngano yangu imefika mwisho wa njia. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni.

Na funzo lake? Enyi mafundi, msiwaulize watu shida zao. Ukiuliza utajua, na ukishajua, utayalaje mayai yao?