Siki ya Bi Kazija

Bwana Makame aliazima sinia la shaba la Bi Kazija kwa harusi ya bintiye, na tangu siku hiyo likawa lake. Bi Kazija alipolidai, tajiri huyo alimjibu, "Sinia lipi? Hili nimelirithi kwa babu. Ukitaka kuliona, njoo unisafishie nyumba. Idi hiyo inakuja."

Bi Kazija akaja na ndimu, majivu na bakuli la siki aliyoitengeneza mwenyewe kwa maji ya nazi.

"Dawa hii kali, bwana. Inatoa uchafu wote, hata wa wizi."

"Wizi nao una doa?"

"Tazama. Yai hili nimeliiba bandani kwako sasa hivi. Uniwie radhi."

Akalitumbukiza kwenye siki. Gamba likaanza kutoa povu, mara yai zima likawa kama linachemka bila moto. Bwana Makame alirudi nyuma.

"Linaungama," alisema Bi Kazija, akilisogelea sinia, bakuli la siki mkononi. "Sasa tuje kwa hili la babu."

"Hilo liache. Babu hakupenda lisuguliwe mbele za watu. Kalisafishie kwako."

"Nikimaliza nilirudishe?"

"Umrudishie nani? Babu keshakufa."

Jioni shoga yake, Mwanaisha, alimkuta akilisugua sinia kwa ndimu na majivu, akasimuliwa yote.

"Na yai la watu, shoga, utalilipa lini?"

"Siki haikosi kutoa povu kwa yai lolote," alisema Bi Kazija. "Lile kalitaga kuku wangu mwenyewe."