Mnazi wa Kitovu cha Mize

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kinyonge? Paukwa!

Pakawa!

Zamani palikuwa na kijiji cha pwani, na mbele yake msitu wa mikoko. Baharini liliishi zimwi linalokula mchanga. Kila likitaka kuja, mizizi ya mikoko ililinasa miguu, likarudi.

Mtoto akizaliwa, kitovu chake kilizikwa ufukweni, juu yake ukapandwa mnazi. Mnazi ukianguka, mwenye kitovu naye hufa. Mwanamke mmoja, Mwanakombo, alikuwa na mtoto mmoja tu, Mize.

Basi watu wakataka nyumba nyeupe. Mbwana, baba yake Mize, alikuwa mchoma chokaa ya kupaka kuta. Akakata mikoko iwe kuni, akawasha tanuri. Akakata, akawasha. Akakata, akawasha.

Mkewe akamwambia, "Baba Mize, zimwi likija litanaswa na nini?"

"Wewe nawe! Mikoko itaisha lini?"

Iliisha.

Siku moja zimwi likaja likiimba, "Mlango wazi, nile nini?" Likala mchanga, minazi mitatu ikaanguka. Watu wakazika watoto watatu. Kesho yake likaja tena, mitatu mingine. Siku ya tatu mnazi wa Mize ukainama, na Mize akaanza kuhema kwa shida.

Mwanakombo akakimbilia majini. "Nichukue mimi, niachie mwanangu!"

"Wewe wa nini? Mimi naogopa mkoko tu."

"Basi nitakuwa mkoko."

Akadidimiza miguu topeni, akamwita Mungu mara tatu. Miguu ikawa mizizi, mikono ikawa matawi. Zimwi likanaswa, likarudi. Mize akapata nafuu.

Asubuhi Mbwana hakumwona mkewe. Tanuri lake nalo lilipungukiwa kuni, na pale topeni palikuwa na mkoko mmoja.

"Nikimaliza hili nitamtafuta," akasema. Mjinga huyu!

Akapiga shoka la kwanza, ukatoka utomvu mwekundu. Akapiga la pili. Mize akasikia mti ukiugua kwa sauti ya mama yake, akajikokota mpaka ufukweni.

"Baba, acha! Huyo ni mama!"

La tatu lilikuwa limeshashuka.

Zimwi likapita. Likala ufukwe, likala na zile nyumba nyeupe. Mbwana alimpakata Mize, akalia, akaita jina la mkewe, mpaka mnazi ulipoanguka.

Basi mkiona ufukweni miti iliyokufa, imelala mizizi juu, myeupe kama chokaa, msiikalie. Kila mmoja ni mtoto wa mtu.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mimi sina hamu ya kuirudia. Mkoko uliosimama, uacheni usimame.