Magarasa ya Mwanakheri

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, palikuwa na mafundi watatu wa kushona wenye cherehani moja kuukuu: Mwanakheri, mdogo wake Shekue, na binamu yao Tunu. Mmoja akishona, wawili wanapiga miayo, na wateja wanahama. Mji ukatangaza mashindano ya karata, tuzo cherehani mpya. Ila mila ya pale ilikuwa kali: tuzo haiwi na wenyewe wawili. Timu ikishinda, mmoja wao ndiye anayeichukua.

Mchezo ulikuwa hivi. Karata zinamwagwa wazi mkekani, kila timu inachagua moja moja mpaka ijenge bunda lake, kisha wanapambana. Kubwa inakula ndogo. Watu wakagombania ree, karata kuu kuliko zote, na wazungu, wale wa picha, kama nyama ya karamu! Garasa la mbili nani alitake? Halili kitu. Ukilicheza unavuta karata nyingine kutoka bundani mwako, basi.

Mwanakheri akayatazama magarasa weee, akatabasamu.

"Shekue, tuokotee mbili zote. Bunda lenye mbili linakimbia. Ree yetu itatufikia wao wangali wanahangaika."

"Dada, mimi siamini hata kidogo. Lakini wewe ndiye mkubwa."

Shekue akamruka mzungu wa kopa, akaokota garasa. Lo! Mji mzima ukaangua kicheko. Shangazi wa mchumba wake akasimama: "Huyu ndiye mnayemwoza binti yetu?" Posa ikavunjika pale pale mkekani.

Wakacheza, Tunu ndiye aliyeshika karata zao. Wakaenda sare hadi mkono wa mwisho. Wapinzani wakamtupa mzungu wa kopa. Tunu kabakiwa na garasa moja tu.

"Tusuluhishane," wapinzani wakasema. "Kila timu ipewe jora la kitambaa, cherehani irudi dukani."

Mwanakheri, aliyegundua ujanja wote wa mbili, akadakia: "Kubali, Tunu! Jora si haba!"

"Mbili umezipenda mwenyewe, dada. Leo unazikimbia?"

Tunu akacheza mbili, akavuta: mbili. Akaicheza, akavuta: ree ya kopa! Vigelegele vikapasua anga.

Nyumbani, furaha ikageuka mzozo. "Bila macho yangu mngeokota wazungu kama wenzenu," alisema Mwanakheri, ingawa aliona haya kwa lile "kubali" lake.

"Macho hayachekwi," Shekue akajibu. "Nimechekwa mimi. Mke nimemkosa kwa jambo nisiloliamini, kwa heshima yako tu."

Tunu akaipangusa cherehani vumbi. "Ningemsikiliza dada, sasa hivi tungekuwa tunagombania kitambaa."

Mwanakheri akatamani kukikalia kiti cha cherehani mpya, asikikalie. Wote watatu wamesimama, cherehani katikati, na wateja wanabisha hodi. Haya, nyinyi mnaojua kuamua ya watu: nani akae, ashone?