Mama Kwale na Fataki za Ng'ambo ya Barabara

Paukwa!

Pakawa!

Ala! Taratibu, jamani. Hadithi yenyewe ni ya kelele, nanyi mnaitikia kama mnafukuza ngedere shambani. Haya, tena. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Nisikilizeni, wadogo kwa wakubwa. Na wewe unayetafuna njugu pembeni, tafuna kwa adabu.

Ilikuwa zamani, wala si zamani ya mbali sana, maana vipaza sauti vilikwisha kuwapo. Huko Uchina palikuwa na mji wa wanyama. Mji mkubwa, maghorofa kwa maghorofa. Barabara pana iliuzunguka wote, kama mkanda kiunoni. Ndani ya barabara, mji. Nje ya barabara, nyasi na mashamba ya kabichi.

Wanyama hao walikuwa na desturi yao. Kila mwaka mpya ulipoingia, walilipua fataki. Mababu waliwaambia kwamba mwaka ukigeuka, zimwi hutoka mlimani kuja kuwala, na zimwi hilo huogopa kelele. Basi wakapiga kelele. Ta-ta-ta-ta! Fyuuu, paa! Zimwi lenyewe hakuna aliyewahi kuliona. "Mnaona?" walisema. "Fataki zinafanya kazi."

Tena kulikuwa na jambo jingine. Fataki ikilipuka karibu na mlango wako, baraka huingia nyumbani kwako. Ikilipuka mbali, baraka hupotea njia. Kwa hiyo kila mmoja alilipulia mlangoni pake. Mlango huu, paa! Mlango ule, paa! Siku kumi na tano, bila kupumzika.

Sasa, chini ya ngazi za ghorofa moja aliishi Mama Kwale. Ndege mdogo, wa kijivu, mpole. Mwaka wa kwanza alitaga mayai manne, akayaatamia. Fataki zikalia. Paa! Mama Kwale akaruka. Akarudi. Paa! Akaruka. Akarudi. Mayai yakapoa, yakawa viza, yote manne. Mwaka wa pili alitaga matano. Paa! Viza, yote matano. Mama Kwale alilia, lakini nani angemsikia?

Juu yake aliishi Bwana Nyani, bingwa wa fataki. Mama Kwale akapanda ngazi.

"Bwana Nyani, ndugu yangu, mimi natafuta watoto. Mwaka huu usilipue hapa."

"Dada yangu," akasema Nyani, "hivi huoni kwamba nakulinda? Zimwi likija litaanza na nani? Si wewe wa chini?"

"Mimi zimwi sijaliona."

"Basi nishukuru!"

Mama Kwale akashuka ngazi. Akamwandikia barua Mheshimiwa Panda, meya wa mji. Panda alikuwa na kazi mbili, kula mianzi na kulala, na zote alizifanya kwa bidii. Jibu likaja: "Barua yako imepokelewa na inashughulikiwa." Akaandika tena. Jibu likaja: "Barua yako inaendelea kushughulikiwa." Akaandika mara ya tatu. Jibu likaja: "Barua yako imefikia hatua za mwisho za kuanza kushughulikiwa."

Mama Kwale akachoka. Akafunga kifurushi chake, akahama. Akatembea, akatembea, akatembea. Akavuka ile barabara pana. Alipokanyaga nyasi za ng'ambo tu, tumbo likamkata. Hata hatua ya pili hakuiweza. Akakaa palepale, akataga. Mayai sita! Akatazama huku, nyasi. Akatazama kule, kabichi. Kimya kabisa. "Hapa nimefika," akasema.

Huku nyuma, mjini, mambo yakageuka. Harusi ya ukoo wa Nyani ilipita chini ya dirisha la Panda mchana, akiwa katikati ya usingizi. Ta-ta-ta-ta, paa! Panda akaanguka kutoka kitandani, puu! Akaketi sakafuni, akakuna kichwa. "Ile barua ya yule kwale," akauliza, "iko wapi?"

Kilichoshindikana kwa barua tatu, mchana mmoja kikawezekana. Sheria ikaandikwa, ikapigwa muhuri: ni marufuku kulipua fataki ndani ya barabara. Kwa kuwa barua ilikuwa ya Mama Kwale, ikaitwa Sheria ya Mama Kwale. Wakamtafuta wampe cheti.

"Amehama," wakaambiwa.

"Kwa nini?"

"Kelele."

Cheti kikawekwa kabatini. Punda akapewa kipaza sauti apite mitaani kutangaza sheria. Na Punda, mnalijua koo lake! "KIMYA! KIMYA JAMANI! MJI WETU SASA NI MJI WA KIMYA!" Asubuhi kimya, mchana kimya, jioni kimya. Vioo vya madirisha vikatetemeka. Kuku wawili wakazimia kwa ajili ya utulivu.

Wanyama wakanung'unika. Na zimwi je? Na baraka je? Lakini Bwana Nyani alikuwa msomi. Akaisoma sheria juu chini, akaisoma chini juu, kisha akacheka.

"Jamani, imeandikwa ndani ya barabara. Nje haikutajwa."

"Nje ni mbali na milango yetu," akasema Nguruwe. "Baraka zitapotea njia."

"Mbali gani? Tutasimama hatua moja tu nje ya barabara. Hatua moja! Karibu na milango yetu kadiri sheria inavyoruhusu."

Wakashangilia. Na hatua moja nje ya barabara, wapenzi wasikilizaji, alikuwa ameketi nani?

Mmejibu wenyewe.

Ilikuwa imebaki siku moja mwaka mpya uingie, na siku tatu mayai yatotolewe. Mama Kwale akawaona wanakuja. Nguruwe na boksi. Mbuzi na boksi. Bata, familia nzima, kila mmoja na boksi. Mji mzima uliokuwa ukilipulia milango elfu ukaja kujipanga mahali pamoja. Mbele yao Nyani.

"Lo, Mama Kwale! Kumbe uko huku! Hongera kwa sheria yako."

"Sheria gani? Mnafanya nini hapa, Bwana Nyani?"

"Tunaitii," akasema Nyani. Akatua boksi lake kando ya kiota.

Mama Kwale akamweleza, akamsihi. Mayai sita, siku tatu tu! Nyani akasikitika sana. Akasema hata yeye inamuuma, ila sheria ni sheria, na watalipua kuanzia kesho alfajiri.

Basi Mama Kwale akayatia mayai kapuni, akayafunika kwa manyoya ya kifuani pake mwenyewe, akakimbilia mjini. Mji wa kimya! Mji wake! Langoni akamkuta Mbwa, askari mpya, viatu vinang'aa.

"Simama! Kapuni mna nini?"

"Mayai, mwanangu. Nipishe upesi, yasipoe."

Mbwa akanusa kapu. Akafungua kitabu cha sheria, akasoma, ukucha juu ya mstari. "'Ni marufuku kuingiza mjini kitu chochote cha mviringo, chenye ganda, kinachopasuka chenyewe na kutoa sauti.' Mama, haya yana ganda?"

"Yana ganda."

"Yatapasuka?"

"Mungu akipenda, siku ya tatu."

"Na yakipasuka yatatoa sauti?"

Mama Kwale akayatazama mayai yake. Angesema nini? Kifaranga asiyelia ni kifaranga gani? "Yatatoa," akasema.

"Basi hayaingii."

"Niitie Meya!"

"Meya amelala. Kumwamsha ni kosa, kifungu cha nne."

"Mwanangu, hiyo sheria ni yangu! Ina jina langu!"

Mbwa akasimama wima, akampigia saluti. "Ndiyo maana siipindishi hata kidogo, mama."

Mayai yalikuwa yanaanza kupoa. Mama Kwale hakuwa na muda wa kubishana. Akageuka, mbio, mpaka kiotani. Akayapanga, akayalalia. Akaziba kila upenyo kwa mabawa yake, akang'ata mzizi wa nyasi kwa mdomo, akazamisha kucha zake ardhini.

Alfajiri ikafika. Paa!

Hakuruka.

Ta-ta-ta-ta! Fyuuu, paa! Hakuruka. Moshi ukamwingia machoni, karatasi nyekundu zikamwangukia mgongoni, ardhi ikatikisika chini ya tumbo lake. Hakuruka. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili hakunywa. Paa! Paa! Paa! Mwili wote unatetemeka, lakini kucha ziko palepale. Na ndani ya barabara, Mheshimiwa Panda alikoroma kwa raha zake, khooor, khooor.

Siku ya tatu, ko! Ganda likapasuka. Ko, ko! Jingine. Ko, ko, ko! Vifaranga sita, wazima, wa manjano, wenye miguu myembamba. Wote sita! Mama Kwale akalia tena, safari hii kwa furaha.

Mnapiga makofi? Ngojeni kwanza.

Siku ya kumi na tano, siku ya kutundika taa, siku ya mwisho ya sikukuu, Mheshimiwa Panda aliamka. Akakumbuka kile cheti. Akatoka mjini na msafara wake, Punda na kipaza sauti, Nyani na maboksi, wanyama wote nyuma. Wakamkuta Mama Kwale nyasini na watoto wake wakidonoa mbegu.

"Ndugu wananchi," akasema Panda, "tangu mji huu ujengwe, sijawahi kulala kama mwaka huu."

Makofi, pa-pa-pa-pa!

"Kimya hiki tumeletewa na mama huyu. Kwa heshima yake, ofisi yangu imetoa kibali maalumu. Fataki mia moja!"

"Mheshimiwa, tafadhali," akaanza Mama Kwale.

"Usione haya, mama. Umestahili."

Nyani hakungoja. Ta-ta-ta-ta! Paa! Mbuzi akaziba masikio. Bata wakajificha nyuma ya Nguruwe. Punda mwenyewe akarudi nyuma hatua tatu. Lakini vifaranga wa Mama Kwale waliendelea kudonoa. Hakuna hata mmoja aliyeinua shingo.

Panda akaona, akafurahi mno. "Simamisha! Simamisha kidogo! Tazameni watoto hawa. Kuna wanaolalamika kwamba huku nje kelele zimezidi. Haya, hawa wamezaliwa hapahapa. Wamezoea! Hawashtuki hata kidogo! Punda, andika hilo."

"Hawajazoea, Mheshimiwa," akasema Mama Kwale. "Hawasikii."

Akasogea mbele ya Panda.

"Jana alipita mwewe. Nikalia krrr! Kifaranga wa kwale akisikia mlio huo hujitupa nyasini, hafundishwi. Nikalia krrr, krrr! Hakuna aliyejitupa. Walikuwa wanadonoa hivihivi mnavyowaona. Nikakimbia nikawafunika, lakini mabawa yangu ni mawili tu. Mimi nilitotoa sita, Mheshimiwa. Wahesabu."

Panda akawahesabu. Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Akatazama nyuma ya Punda. Akahesabu upya. Watano.

Akakuna tumbo. Akakishika kile cheti, akakigeuza mbele, akakigeuza nyuma. Nasema kweli, kidogo tu aone aibu. Lakini Nyani akamsogelea sikioni.

"Mheshimiwa, kibali kinasema mia moja. Tumelipua sitini."

Panda akakitazama kibali. Muhuri ulikuwa wake. Sahihi ilikuwa yake.

"Kama imeandikwa mia," akasema, "malizieni."

Paa! Paa! Paa! Mji mzima ukaziba masikio. Na wale watano wakaendelea kudonoa mbegu miguuni pa mama yao, naye akiwa ametazama juu, anamtafuta mwewe.

Sasa funzo lake nalisema wazi, ili asiwepo wa kuniambia hakuelewa. Ukipata usingizi wako kwa kumpelekea jirani kelele zako, usijisifu kwamba umeleta utulivu. Na ukimwona mtu hashtuki tena kwa mateso, usiseme amezoea. Kwanza muulize amepoteza nini.

Hadithi yangu naitua hapo. Aliyeipenda aichukue, aliyeudhika akalale. Mimi nakwenda kunywa maji.