Chumba cha Pili Katika Kaseti ya Hatibu

Hapo zamani, si zamani sana, televisheni za kichogo zilipokuwa bado sebuleni mwa watu, kulikuwa na kikao katika nyumba moja ya Barabara ya Kumi na Tano, mjini Tanga. Siku ilikuwa Jumapili, baada ya sala ya alasiri. Nitawataja waliokuwapo mmoja mmoja, maana shauri lenyewe ni la jina, na katika shauri la jina haifai kukosea majina.

Alikuwapo Bi. Mashavu binti Mwinyikai, mjane, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Hatibu. Alikuwapo Bi. Riziki binti Hoza, jirani yake, mwenye nyumba ile, mwenye televisheni na mwenye mashine ya gemu. Alikuwapo Zuberi Kihiyo, fundi rangi, aliyesoma darasa moja na Hatibu. Alikuwapo Perpetua Semhando, muuguzi, mpangaji wa chumba cha uani. Alikuwapo Sechonge Titu, fundi wa redio. Titu ni jina la baba yake, si la utani kama wengi walivyodhani. Hao ni watano. Wa sita, Hatibu Mbaruku mwenyewe, hakuwapo. Alikuwa kazini katika meli ya mizigo, upande wa mitambo, mwaka wa nne bila kurudi nyumbani.

Sasa sikilizeni jinsi walivyofika hapo.

Mwezi wa Januari Hatibu alimpa baharia mwenzake mzigo amletee mama yake. Mlikuwa na kitenge, miwani ya kusomea, na kaseti moja ya gemu, ya kijivu, iliyoandikwa Kijapani. Pamoja navyo ilikuja barua, na Zuberi ndiye aliyemsomea Bi. Mashavu:

"Mama, ama baada ya salamu, kaseti hii niliinunua Japani katika duka la vitu vya zamani. Ni gemu ya shamba. Mtu hulima humo, hufuga na hujenga. Miaka mitatu, kila nikitoka zamu, nimekuwa nikikujengea nyumba, na jina lako liko juu ya mlango. Ina vyumba viwili. Cha kwanza ni chako. Cha pili nimekiacha bila jina. Atakayekufungulia mlango ukaiona nyumba, mpe chumba hicho, uandike jina lake. Jina ni moja tu, na likishaandikwa halifutiki."

Bi. Riziki alicheka mpaka akashika kiuno.

"Shoga, wenzio watoto wao wanawajengea kule Pongwe, wa kwako kakujengea ndani ya kaseti! Utahamia lini? Nije nikusaidie kubeba masufuria?"

"Cheka tu," akasema Bi. Mashavu. "Nyumba ni nyumba. Mie nataka kuiona."

Alitaka kuiona kweli. Miaka minne ni mingi, na mtaani walikuwapo waliosema kwamba Hatibu amesahau kwao. Nyumba ile, hata kama imo ndani ya kaseti, ndiyo ushahidi pekee aliokuwa nao kwamba hakusahauliwa.

Mtaa mzima ulikuwa na mashine moja tu ya gemu, ya Bi. Riziki, aliyoachiwa na mwanawe bila kaseti hata moja. Ilikuwa imetoka Ulaya, na hata siku hizo ilikuwa imekwisha kuwa kitu cha kale. Wakaitia kaseti mashineni. Ikaingia vizuri, wakawasha, kioo kikabaki cheusi. Fundi Sechonge akaitwa. Akaipuliza mdomoni, akaisugua kwa spiriti, akairudisha. Kioo kikabaki cheusi.

"Mama, hii imekufa," akasema. "Pole sana."

Bi. Mashavu akaifunga kaseti yake ndani ya khanga kama mtu anayefunga mkate wa moto, akaenda kwake.

Zuberi hakukubali. Kwa miezi miwili aliwauliza mabaharia mmoja baada ya mwingine, mpaka mmoja akamweleza: kaseti za Japani na mashine za Ulaya hazielewani, lakini kuna adapta ya kuzipatanisha. Ni kaseti isiyo na gemu ndani. Hukaa katikati, ikabeba kaseti nyingine mgongoni. Mombasa yuko mtu mmoja mwenye duka anayo.

Zuberi akapanda basi, akaenda Mombasa. Mwenye duka akamtolea adapta, akamwonyesha, akairudisha kabatini.

"Hii siuzi. Ninayo moja."

Zuberi akatazama juu. "Baba, dari lako linabanduka."

"Naliona kila siku."

"Na kuta?"

"Nazo naziona."

Zuberi alipaka dari, akapaka kuta, akapaka miimo ya milango miwili. Siku sita. Siku ya saba mwenye duka akamfungia adapta ndani ya gazeti, akamwambia aende nayo salama.

Huku nyuma, Fundi Sechonge aliposikia kwamba Zuberi amekwenda Mombasa, aliona haya. Akaenda kwa Bi. Mashavu, akaomba kaseti, akaifungua. Ndani akakuta betri ndogo ya duara, mfano wa kifungo cha koti. Betri hiyo ndiyo inayotunza kumbukumbu. Ikizimika, kila kilichojengwa hufutika. Akaipima kwa mita. Ilikuwa imebakiwa na siku chache. Basi akaunganisha betri mpya kwanza, ndipo akaitoa ya zamani, ili kumbukumbu isikose umeme hata kwa muda wa kupepesa jicho.

Zuberi akarudi. Ndipo wakakutana Jumapili ile. Wakaichomeka adapta mashineni, wakaichomeka kaseti ya Hatibu juu ya adapta, wakawasha. Kioo kikabaki cheusi.

Zuberi akakaa sakafuni. "Siku sita napaka dari! Shingo haigeuki!"

"Hebu, hebu," akasema Fundi Sechonge, akiizungusha adapta mkononi. "Huu mdomo wa nyuma ni wa nini?"

Akautazama kwa muda mrefu, kisha akawaeleza. Mashine ya Ulaya kila ikiwashwa huiuliza kaseti: wewe wa wapi? Isipojibiwa na kaseti ya Ulaya, hukataa kufungua. Ni sawa na mtu aliyekwenda kituo cha polisi kumtoa ndugu yake. Peke yake hasikilizwi, mpaka afuatane na mdhamini anayejulikana. Kaseti ya Japani hukaa mbele na kucheza. Ya Ulaya hukaa nyuma, haichezi, haionekani, kazi yake ni kudhamini.

"Ya Ulaya tunaipata wapi?" akauliza Bi. Riziki.

Wote wakamgeukia Perpetua. Alikuwa na kaseti moja ya Ulaya, ya mpira, na kwa kaseti hiyo, siku zake za mapumziko, aliwafunga wanaume wa mtaa mzima, hata wale waliocheza mpira wa kweli. Makombe yake yalikuwa kumi na saba, yamehifadhiwa humo ndani pamoja na jina lake.

"Sikufichi, sista," akasema Fundi Sechonge. "Adapta hizi si za kuaminika. Umeme ukipita vibaya, kumbukumbu ya kaseti ya nyuma huweza kufutika."

"Makombe yangu?"

"Makombe yako."

"Yote kumi na saba?"

"Hayafutiki nusu."

Perpetua akamtazama Bi. Mashavu. Bi. Mashavu alikuwa amekwisha kuvaa ile miwani mpya, anangoja.

"Chukua upesi," akasema Perpetua, "kabla sijaghairi."

Wakawasha. Kioo kikawa cheusi, kisha kikawa buluu, kisha ukatokea muziki mdogo kama wa filimbi. Ikatokea nyumba ya paa jekundu, na kisima, na matuta ya kabichi, na kuku wanne. Juu ya mlango, kwa herufi ambazo hata Bi. Mashavu alizisoma bila msaada, pameandikwa MASHAVU.

Zuberi akashika vibonye, akamwendesha mtu mdogo wa kwenye gemu mpaka mlangoni.

"Ngoja wee!" akasema Bi. Mashavu. "Unaingia nyumba ya watu hivihivi? Hodi!"

Bi. Riziki, aliyemcheka tangu Januari, akaitika: "Karibu."

Wakaingia. Mlikuwa na kitanda, meza na viti viwili.

"Jiko liko wapi?"

"Halipo, mama. Gemu hii haina jiko."

"Mwanamume kajenga," akasema Bi. Mashavu, akacheka huku anafuta miwani. "Akija nitamwambia atie jiko."

Chumba cha pili kilikuwa kitupu, na mlangoni pake kibao kisicho na jina. Wakakitazama wote. Kisha Perpetua akaomba ajaribu kaseti yake. Wakaitia mashineni. Kabati la makombe lilikuwa tupu.

"Haidhuru," akasema. Akatoka uani, akarudi amenawa uso.

Hapo ndipo shauri lilipoanza.

Bi. Riziki alitangulia. "Mlango nimeufungua mimi. Mashine yangu, televisheni yangu, umeme wangu. Mngeichomeka wapi kaseti yenu, kwenye ndoo? Na tena, nisingemcheka huyu mama, Zuberi angepanda basi?"

"Kweli nilipanda kwa hasira," akasema Zuberi.

"Mnamsikia? Hata hasira aliitoa kwangu!"

Bi. Mashavu akasema, "Nimesikia."

Zuberi akasema, "Mlango nimeufungua mimi. Mashine ilikuwa hapa. Kaseti ya sista ilikuwa hapa. Fundi alikuwa hapa. Wote mlikuwa hapa, na mlango umefungwa. Kilichokosekana nilikwenda kukileta mimi."

Bi. Mashavu akasema, "Nimesikia."

Perpetua akasema, "Mlango nimeufungua mimi. Ninyi mmetoa, lakini mlichotoa mnacho bado. Bi. Riziki mashine anayo. Zuberi shingo itapona, nitakuchua mwenyewe. Fundi ujuzi wake umeongezeka. Mimi nilichotoa hakipo tena, na niliambiwa mapema, nikatoa."

Bi. Mashavu akasema, "Nimesikia."

Fundi Sechonge alikuwa wa mwisho. "Nilisema imekufa. Nakiri."

"Ukamliza mama wa watu miezi miwili," akasema Bi. Riziki.

"Nakiri hilo pia. Lakini nisingeibadili betri, Zuberi angerudi na adapta yake, sista angetoa makombe yake, mngefungua mlango mkakuta kiwanja. Na mdomo wa nyuma, nani aliuona? Mlango nimeufungua mimi."

Bi. Mashavu akasema, "Nimesikia."

Wakabishana. Chai ikapoa. Zuberi akauliza kama herufi za majina manne haziwezi kubanwa pamoja. Fundi akamjibu kwamba kibao kinapokea herufi nane tu. Mwishowe Bi. Riziki, aliyechoka kabla ya wenzake, akasema, "Basi andika 'Majirani', tuishe. Ni herufi nane hizo hizo."

"Siandiki," akasema Bi. Mashavu. "Hatibu kasema jina la mtu. Majirani ni nani? Hata waliosema kanisahau ni majirani."

Akavua miwani, akaikunja.

"Nipeni mpaka Ijumaa. Baada ya sala nitakuja kuandika."

Wiki hiyo ilikuwa nzuri. Kila asubuhi Bi. Mashavu alikuja, Bi. Riziki akamwekea kiti na chai, wakawasha mashine, akapiga hodi akaitikiwa, akakaa nyumbani kwake kwa saa nzima akitazama kuku. Aliwaleta wanawake wa mtaa mmoja mmoja, na wale waliosema maneno akawaleta mara mbili. Fundi Sechonge alipita kwake kutengeneza redio isiyo na ubovu. Zuberi akampakia rangi mlango. Perpetua alimpima presha bila kuombwa, akamkemea kwa chumvi.

"Mnanihonga," akawaambia.

"Tunakusalimu tu, mama."

Jumatano asubuhi aliwaambia wote wanne, "Nimekwisha kuamua."

"Nani, shoga? Niambie mimi, nitanyamaza."

"Wewe ndiye wa kunyamaza?" Akacheka peke yake mpaka akapaliwa na chai. "Ijumaa mtaliona limeandikwa."

Hakumwambia mtu. Wanne wale wanaapa hivyo, na nimewauliza mmoja mmoja.

Sasa jiwekeni katika siku zile: Hatibu Mbaruku yuko njiani kurudi. Ameandika swali moja tu, kwamba ni nani aliyemfungulia mama yake mlango, ili aliandike jina hilo kwa mkono wake mwenyewe. Barua iko mezani kwa Bi. Riziki, na hakuna aliyethubutu kuijibu. Mwenye mashine yupo, aliyesafiri yupo, aliyepoteza yupo, aliyekosea kisha akaokoa yupo.

Bi. Mashavu binti Mwinyikai alifariki siku ya Alhamisi, saa moja asubuhi, nyumbani kwake.

Je, ninyi mnaosikiliza, nani alistahili chumba cha pili?