Daktari Aliyesema Hajui

Wapo watu wanaoona haya kuuliza, wakidhani kwamba anayeuliza amejivua nguo mbele za watu. Ezekia, seremala wa Soweto jijini Mbeya, alikuwa mmoja wao. Kwake yeye, mtu mzima ama alijua, ama alinyamaza.

Mkewe Faustina, mzaliwa wa Iringa, alianza kuishiwa pumzi kama mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani. Katika hospitali ya kwanza waliambiwa kuwa damu imeganda kwenye mshipa wa mapafu, wakapewa dawa ya kuizuia isigande. Ezekia alimpa dawa hiyo kila siku kwa mkono wake mwenyewe. Walipokwenda kanisani, alijifanya anafunga kamba za viatu kila baada ya nyumba chache, ili mkewe apumzike bila kuona aibu. Faustina alilijua hilo, akalinyamazia kwa mapenzi. Hata hivyo, miezi ilipita, hospitali nyingine zikirudia jibu lile lile, naye akazidi kudhoofu.

Ndipo walipopelekwa kwa Daktari Hiral, binti wa wenye duka la vitambaa katika soko la Mwanjelwa. Alizitazama picha za mapafu, za zamani na mpya, kisha akauliza kwa upole, "Mzee, kuna siku dawa zilikatika?"

"Hakuna!" Ezekia alijibu, mishipa ya shingo imemsimama. "Nampa mwenyewe."

"Nakuamini, mzee. Basi sijui. Kwa dawa hizi, bonge la damu lingekuwa limepungua. Hili linakua. Niruhusuni niwaulize wakubwa zangu wa Dar es Salaam."

Walipotoka nje, Ezekia alikuwa amefura kama andazi. "Mama Gideoni, twende zetu. Daktari gani huyu asiyejua?"

Faustina aliegemea ukuta mpaka pumzi ikamrudia. "Baba Gideoni, waliojua wote wamenipa jibu moja, na bado natweta. Huyu ndiye wa kwanza kuuliza. Mimi sibanduki kwake."

Jibu lilipokuja, lilikuwa zito. Kilichoziba mshipa hakikuwa bonge la damu hata kidogo. Ilikuwa saratani ya nadra, iliyoota ndani ya mshipa wenyewe, na kwenye picha ilifanana na damu iliyoganda kama shilingi kwa ya pili. Faustina alisafirishwa hadi Dar es Salaam, akapasuliwa, uvimbe ukatolewa. Madaktari hawakumficha kitu: ugonjwa ungeweza kurudi, na matibabu bado yangeendelea. Lakini pumzi yake ilirudi.

Alikwenda kwao Iringa kujiuguza, Ezekia akiwa naye. Asubuhi moja ya baridi walipanda kilima kuelekea shambani, Faustina akizungumza njia nzima bila kusita. Ghafla Ezekia alisimama. Katika ugonjwa wote ule alikuwa amemlisha, amemshika na kumwombea, lakini jambo moja hakuwahi kulifanya.

"Mama Gideoni," aliuliza, "unaogopa?"

Machozi yalimlenga Faustina. "Naogopa sana. Nimeogopa peke yangu muda wote huu. Nilidhani ukijua utavunjika moyo."

"Hata mimi naogopa, mke wangu."

Waliketi kwenye majani, mkono kwa mkono, wakaambiana yote waliyokuwa wamefichana, mpaka umande ukakauka. Hofu haikuisha, ila sasa ilikuwa na wabebaji wawili. Ezekia alitambua kwamba swali la daktari lilimrudishia mkewe pumzi, na swali lake mwenyewe likamrudishia yeye mke. Naam, kuuliza si ujinga.